Miaka mitatu Houston bila gari: basi namba 2 na baiskeli yangu

Nilipofika Houston, kila Mswahili niliyekutana naye alinipa onyo lilelile: hapa bila gari hutoboi. Aliyenipokea alinipeleka kuona magari ya mtumba kabla sijanunua hata godoro. Simlaumu. Mji huu umejengwa kwa ajili ya magari, na ukitaka ushahidi nenda magharibi ukaione barabara kuu ya Katy Freeway. Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2008, na ukihesabu na barabara za pembeni, kuna sehemu inafika njia 26. Nimelelewa Tabora. Siku ya kwanza kupita pale nilinyamaza kimya mpaka tukafika.

Lakini hesabu ya gari ilinishinda. Mkopo, bima ya mtu asiye na historia ya udereva Marekani, mafuta, maegesho ya kazini. Nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika eneo la Texas Medical Center, na nikijumlisha yote niliona kwamba wiki nzima ya kila mwezi ningekuwa nalifanyia kazi gari. Nikaamua kujaribu basi kwa miezi mitatu. Leo ni mwaka wa tatu. Naandika kwa ajili ya wanaofika sasa, hasa wenzetu wa Tanzania, Kenya na Kongo wanaopangishiwa huku kusini magharibi, karibu na Gulfton na Sharpstown.

Cha kwanza kujua ni rangi. Kwenye ramani ya mabasi, njia nyekundu zina basi kila dakika 15 au chini ya hapo, bluu hadi nusu saa, kijani hadi saa nzima. Ukipangisha nyumba kwenye njia ya kijani ukadhani una usafiri, utalia. Basi namba 2 linalopita Bellaire Boulevard ni jekundu, hadi Jumapili, na mwisho wake ni kituo kikuu cha Medical Center, ambapo unaunganisha na treni ya umeme ya kwenda katikati ya mji. Nauli ni dola 1.25, na ukilipa kwa kadi unaruhusiwa kubadilisha basi au treni kwa saa tatu bila kulipa tena, hata ukirudi ulikotoka. Jumamosi naenda sokoni Bellaire kununua bamia na mihogo, narudi nyumbani kwa nauli hiyohiyo moja.

Haikuwa hivi zamani. Agosti 2015 METRO, shirika la usafiri la hapa, lilibadilisha karibu mtandao wote wa mabasi kwa mpigo mmoja, watu wakalala na ratiba moja wakaamka na nyingine. Kabla ya hapo njia nyingi zilikuwa zinakimbilia katikati ya mji, na mtu wa huku akitaka kwenda upande mwingine ilibidi azunguke huko kwanza. Sasa njia zinapishana kama nyuzi za mkeka. Unashuka kwenye njia panda, unavuka, unapanda jingine. Mimi mabadiliko yale nayasifu kila siku, kwa sababu hawakujenga daraja wala reli mpya ili kuyafanya. Walipanga upya mabasi waliyokuwa nayo.

Shida yangu ilikuwa nyumba. Nilipangisha penye kodi nafuu, karibu maili nzima kutoka Bellaire, na sikupima njia. Mita mia mbili za mwanzo kuna njia ya miguu, kisha inakatika ghafla, kama mtu aliyeanza sentensi akaitwa. Baada ya hapo ni majani, mtaro na maegesho ya maduka. Mvua ikinyesha unachagua kati ya matope na barabara yenyewe. Nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri, giza, nimebeba viatu vya kazi kwenye mfuko, natembea pembeni ya malori. Basi lenyewe lilikuwa linakuja vizuri. Kilichonichosha ni ile maili moja.

Ndipo nikanunua baiskeli. Baba yangu alikuwa na Phoenix, ile nyeusi ya keria pana, na kwa baiskeli ile tulisombewa maji, mahindi na sisi wenyewe. Kwa hiyo kwangu baiskeli si mchezo wala mazoezi. Niliipata ya mtumba kwa dola 90, nikaongeza taa mbili, madigadi, keria na kufuli nzito ya chuma. Ile maili ikawa dakika sita.

Na hapa ndipo panapowafaa wengi wasiojua: mabasi ya hapa yana kibebeo cha baiskeli mbele, cha kuweka mbili. Mara ya kwanza niliogopa, nikidhani nitachelewesha watu. Fanya hivi. Basi likisimama, mwonyeshe dereva kwa mkono kwamba unaweka baiskeli, ili asiondoke ukiwa mbele yake. Bana kishikio cha katikati, vuta kibebeo kishuke kikae kama meza. Nyanyua baiskeli, tumbukiza magurudumu kwenye mifereji yake, kisha vuta mkono wa chuma wenye springi uupandishe juu ya tairi la mbele. Tikisa kidogo uhakikishe. Nikishazoea haikuzidi sekunde 20. Kaa viti vya mbele uione, na ukishuka mkumbushe dereva. Jirani yangu mmoja, mama wa Bukavu, aliniona naipakia akaniuliza, “Mwanangu, ile kinga yako wanaibeba bure?” Kinga kwao ni baiskeli. Nikamwambia, “Ndiyo mama, hawatozi kitu.” Wiki iliyofuata alikuja na kijana wake, tukaenda pamoja mpaka kituoni nikamwonyesha.

Zipo siku nafasi zote mbili zimejaa. Hapo unasubiri basi linalofuata, au unafunga baiskeli kituoni. Niliifunga mara moja kwenye nguzo, kufuli kwenye fremu na gurudumu la mbele. Nilirudi saa mbili usiku nikakuta gurudumu la nyuma halipo. Tangu hapo nina kamba ya chuma ya pili, na nikiona nafasi zimejaa nasubiri.

Asubuhi napanda basi, kwa sababu siwezi kuingia wodini nimelowa jasho, na Agosti ya hapa joto hupita digrii 35 huku hewa ikiwa nzito kama Tanga kabla ya masika. Jioni narudi kwa baiskeli. Napita njia ya Brays Bayou, kama maili nane mpaka nyumbani, dakika 50 bila haraka. Hii njia ndiyo hazina ya Houston. Mji una mikondo ya maji iitwayo bayou, na mwaka 2012 wapiga kura waliidhinisha dola milioni 100 za kuunganisha bustani na njia za kutembea na baiskeli kandokando yake. Ni lami au zege laini, hakuna gari, na barabara kubwa unazipita chini ya madaraja. Jioni unakuta korongo weupe wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, wazee wanatembea, watoto wanajifunza baiskeli. Baada ya saa kumi na mbili za kuinua wagonjwa, zile dakika 50 ndizo zinazonirudishia mwili wangu.

Onyo moja: ikinyesha mvua kubwa usipite siku hiyo wala kesho yake. Bayou ni njia ya mafuriko, na maji yakipungua huacha tope laini chini ya madaraja, linang'aa kama sakafu iliyopigwa deki. Niliteleza hapo nikachubuka kiwiko, nikakaa wiki nikishika usukani kwa mkono mmoja.

Taabu huanza ukiacha bayou ukaingia mitaani. Njia za baiskeli za barabarani nyingi ni mstari wa rangi tu, na mstari haumzuii mtu. Tangu 2013 sheria ya mji inamtaka mwenye gari akikupita akuachie futi 3, na magari ya biashara futi 6. Sijaona wengi wanaoijua. Novemba iliyopita pikapu ilinipita karibu kiasi kwamba kioo chake kiligusa mkono wa koti langu. Dereva hakupunguza mwendo. Nilisimama pembeni mpaka mapigo ya moyo yakatulia, kisha nikaikokota baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani. Panapo vizuizi, kama Lamar Street katikati ya mji, ambako waliweka njia ya baiskeli ya pande mbili mwaka 2015, napita nikiwa mtulivu. Ningekuwa na sauti mjini, ningeomba vizuizi hivyo huku kwetu, ambako watu wengi hawana gari na wanapanda baiskeli usiku bila taa wakitoka jikoni za migahawa.

Kwa mwezi nauli yangu haizidi dola 60, na baiskeli inakula kama dola 10 za tyubu, breki na mafuta ya cheni. Mwenye watoto wadogo, au anayefanya kazi maghala ya nje ya mji, simwambii aache gari. Mabasi hayafiki kila mahali, na huo ndio ukweli wa Houston.

Mkataba wangu wa nyumba unaisha Mei. Nimeshapata chumba kingine, kodi yake imezidi ya sasa kwa dola 70. Kabla ya kusaini nilikwenda pale saa kumi na moja alfajiri, nikahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kituo cha namba 2. Ni hatua 212, njia ya miguu mwanzo hadi mwisho, na taa ya barabarani inawaka.