Koti la mvua la kamera, ila usitoke nalo kwenye mvua

Jamani naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nilinunua koti la mvua la kamera, lile la nailoni lenye kidirisha cha plastiki cha kuchungulia na kamba ya kukaza mbele kwenye lenzi, kwenye duka moja huku Uingereza ninakoishi. Duka silitaji. Bei si ya kutisha, lakini hela ile ungekula biriani mpaka ukabeba na ya nyumbani.

Safari yenyewe ilikuwa Stourhead, Wiltshire, mimi na shoga yangu wa Tanga, tuliipanga tangu kiangazi twende tukapige majani yanavyogeuka rangi. Vuli, ila vuli ya huku miti inavua nguo, si vuli yetu ya kukimbilia kupanda mahindi. Kwa ambaye hajafika, ni bustani ya tajiri wa benki, Henry Hoare, wa karne ya 18 huko, alizuia maji bondeni pakawa ziwa halafu akalizungushia mahekalu kama mtu anapanga makochi sebuleni. Ukisimama karibu na daraja la mawe la matao matano unaliona lile hekalu linaloitwa Pantheon ng'ambo na kuba lake, kivuli chake kimelala majini, miti nyuma nyekundu na njano. Kila mtu anapiga picha hiyo hiyo. Na mimi niliitaka hiyo hiyo, wala sikuwa na ubunifu wowote.

Mvua ikaanza hata hatujafika ziwani. Mvua gani sasa? Rasharasha. Ile ambayo kwetu muuza vitumbua hata hafuniki beseni. Nikasema safi, leo ndo siku ya koti, nikaivalisha kamera, nikakaza kamba, nikajiona fundi. Mwenzangu kamera yake ya zamani kaitumbukiza kwenye mfuko wa mkate, katoboa tundu la lenzi, kakaza na mpira wa kufungia manoti. Nilimcheka. Nilimcheka sana na hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Haikupita nusu saa kidirisha kikajaa ukungu kwa ndani, naona weupe tu, napiga kwa kubahatisha, halafu kamera ikaanza kugoma, eti haioni lenzi. Lenzi ipo hapo hapo, nimeishika! Tukakimbilia kwenye lile pango la kando ya ziwa, lenye sanamu ya binti kalala na maji yanamtiririkia. Kukunja ile nailoni, maji yakanimwagikia kiatuni kama nimepindua kikombe. Yaliingilia kwenye mshono, palepale juu ya kitufe cha kupigia picha. Yaani pango la mwaka 1748 linajua maji yapite wapi, koti la juzi halijui. Shoga yangu akanitazama, akatazama mkate wake, akasema "pole" kwa ile sauti ya mtu anayebana kicheko.

Kamera ilipona baada ya kukaa jikoni karibu na hita siku mbili tatu. Na niseme ukweli, picha moja niliyoambulia, Pantheon imefutikafutika kwenye ukungu kama ndoto, ni nzuri kuliko zile kali za mwenzangu, nimeichapisha iko ukutani. Kwa hiyo nilikuwa nishaanza kulegea, nikasema nyota tatu, makosa yapo.

Basi nikarudi dukani. Kijana wa kaunta akalishika koti kwa vidole viwili kama nimemletea panya, akauliza, "Lakini ulitoka nalo kwenye mvua?"

Ndugu zangu. Koti la mvua.

Nikamjibu hapana, nilienda nalo harusini. Hakucheka. Akaanza kunifundisha kwamba hili *linastahimili* maji, *halizuii* maji, ni vitu viwili tofauti, na kwamba nimeshalilowesha kwa hiyo halirudishiki, na hapo anaongea polepole kwa sauti kubwa kama vile Kiingereza nimekianza asubuhi ile. Nikamwambia kaka, sheria ya hapa ya mwaka 2015 inanipa siku 30 kurudisha kitu kibovu na nikapewa hela yangu, na siku hizo hazijaisha. Akaenda nyuma. Akaja meneja, mama mtu mzima, hakubishana hata, pole moja, hela ikarudi kwenye kadi palepale. Nikalainika tena, nikasema huyu mama ana utu, nyota nne kwa huduma kabisa, na nikawa najiona mkorofi.

Niko mlangoni nafungua mwavuli, nikageuka. Yule kijana analipangusa koti langu kwa kitambaa, kaligeuza ndani nje, kalinusa, halafu kalitundika kwenye msumari pamoja na mapya.

Nyota moja. Ukiona lenye doa la matope karibu na kamba, hilo ni langu.