Kikopey: mbuzi mtamu, makelele mengi
Jumamosi tukielekea Nakuru tuliegesha Kikopey, penye vibanda vya nyama choma karibu na Gilgil, saa saba mchana. Kabla sijazima injini, vijana wanne walikuwa dirishani, kila mmoja akinivutia kwake. Hapo nilichoka. Nikachagua kibanda chenye malori mengi nje. Madereva hawali ovyo.

Chagua paja mwenyewe, lipimwe ukiona, kisha uwe na subira: letu lilichukua karibu saa nzima. Tukajiliwaza kwa supu ya kikombe, moto, yenye pilipili. Nyama ikaja juu ya ubao, ikakatwakatwa pale pale mezani, nje imekauka, ndani mafuta yangali yakichuruzika, chumvi kando. Vidole nilivilamba bila aibu. Ugali sawa tu. Kachumbari ilikuwa nyanya tupu, kitunguu cha kuhesabu. Chai sitaagiza tena.