Wordle: mchezo wa herufi tano kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani

Wordle humpa mchezaji nafasi sita za kukisia neno moja la Kiingereza lenye herufi tano. Baada ya kila jaribio, kisanduku cha herufi iliyokaa mahali pake hugeuka kijani, cha herufi iliyomo katika neno lakini imewekwa pasipo pake hugeuka njano, na cha herufi isiyokuwamo hubaki kijivu. Mchezo huu ulibuniwa na Josh Wardle, mhandisi wa programu mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, ili aucheze na mwenzi wake, Palak Shah; ukafunguliwa kwa umma Oktoba 2021, na mwishoni mwa Januari 2022 ukanunuliwa na gazeti la The New York Times. Mengi yameandikwa kuuhusu, lakini kwa kawaida huandikiwa watu waliozaliwa na Kiingereza. Sisi tuliokikuta shuleni tuna maswali yetu.

Swali la kwanza ni iwapo mchezo unahitaji msamiati mpana. Hauhitaji sana, na hilo ndilo jambo ninalolisifu zaidi. Mchezo hukubali maneno zaidi ya 12,000 kama makisio, lakini orodha ya majibu ya awali ilikuwa na maneno takriban 2,300 tu, kwa kuwa Palak Shah aliichambua na kubakiza yale yanayofahamika na watu wengi. Aliyemaliza sekondari na kusoma magazeti ya Kiingereza mara kwa mara anayajua mengi kati ya hayo. Yapo yanayochomoza kama mwiba, kwa mfano CAULK ya Februari 2022 na PARER ya Septemba mwaka huohuo, ila hata wenye lugha yao waliyalalamikia.

Kinachopimwa hasa ni uwezo wa kuondoa yasiyowezekana, na hapa mazoea ya Kiswahili hutuponza. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia na irabu, tunaanza kwa kuzisaka irabu, na neno kama ADIEU au AUDIO huonekana kuwa mtego mzuri. Kwa kweli irabu hutofautisha maneno kidogo kuliko konsonanti. Katika orodha ya majibu ya awali herufi zilizojitokeza zaidi ni E, A, R, O na T. S ndiyo inayoanza maneno mengi kuliko herufi nyingine yoyote, na mwishoni hutawala E ikifuatwa na Y. Ndiyo maana SLATE au CRANE huleta taarifa nyingi zaidi katika jaribio la kwanza, hata pale ambapo visanduku vingi vinabaki kijivu, maana kujua kwamba S na T hazimo kunafuta mamia ya maneno kwa mkupuo.

Mtihani mkubwa ni yale maneno yanayotofautiana kwa herufi moja. Ukishapata IGHT kwa kijani, bado unakabiliwa na EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT na TIGHT, na mwenye pupa huyajaribu moja moja hadi nafasi zimwishie. Mwenye subira huandika FILMS, neno analojua wazi kuwa si jibu, ili apime F, L, M na S kwa pamoja. Zikikosekana zote, TRUNK hupima T, R na N, na EIGHT ndiyo inayobaki. Kwa makisio mawili maneno yote manane yametenganishwa. Kwa sababu hiyo simshauri mtu kuwasha ile hali ngumu, ambayo humlazimisha mchezaji kutumia kila dokezo alilokwisha kulipata: inazuia hila hiyo hasa, na katika kundi la maneno kama haya mchezo hugeuka kuwa bahati nasibu.

Kasoro yake kubwa ni kuegemea Marekani. Tahajia tuliyofundishwa Afrika Mashariki ni ya Uingereza, ambayo huandika maneno ya namna ya FAVOR na HUMOR kwa herufi sita. Yote mawili yalikuwa majibu mwanzoni mwa 2022, na mchezaji aliyepata alama zote za shule katika tahajia asingeyafikiria hata kidogo. Mei 2022 likaja HOMER, neno la besiboli, mchezo ambao kwetu ni nadra kuuona ukichezwa. Hatukubabaika peke yetu: katika wiki ile ya kwanza ya Mei neno hilo lilitafutwa karibu mara 75,000 katika tovuti ya Cambridge Dictionary, ambayo ililifanya neno lake la mwaka. Lawama yangu ni kwamba mchezo hautoi hata onyo dogo kuhusu tahajia unayoifuata, ilhali sentensi moja kwenye ukurasa wa maelekezo ingetosha.

Kuhusu gharama, fumbo la siku huchezwa bure kwenye kivinjari cha simu bila kulazimika kufungua akaunti. Usajili wa kulipia hufungua hifadhi ya mafumbo yaliyopita, iliyoanzishwa 2024, pamoja na programu inayochambua makisio yako. Huo uchambuzi unafundisha kweli, lakini anayetaka burudani ya dakika chache hana sababu ya kuulipia. Fumbo jipya hufunguka saa sita usiku kwa saa za mahali ulipo, kwa hiyo Dar es Salaam na Nairobi hulipata saa nyingi kabla ya New York. Mwenye ndugu huko asiwatumie jibu. Awatumie vile visanduku vya rangi tu, ambavyo mchezo wenyewe humwandalia bila kuonyesha herufi hata moja.