Kamera ya kwenda nayo bustani ya wanyama: ununue ipi?

Wengi wanaotaka kamera ya kupigia wanyama huuliza swali moja: inavuta mpaka wapi? Ukiwa Maasai Mara, swali hilo ni la maana. Lakini ukiwa Animal Orphanage ya Nairobi, kituo cha wanyama yatima pale Lang'ata kwenye lango kuu la mbuga ya Nairobi, duma yuko hatua chache tu mbele yako. Kinachoharibu picha ni waya ulio kati yenu, na kivuli cha mti aliolala chini yake. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia mambo hayo mawili: waya na kivuli.

1. Canon iliyotumika, pamoja na lenzi ya 55-250mm STM

Tafuta bodi (kamera yenyewe bila lenzi) iliyotunzwa vizuri ya Canon 700D au 200D, kisha uifunge lenzi ya EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM, iliyotoka 2013. Kwenye bodi hizo, 250mm inavuta sawa na 400mm kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa (kipokea mwanga) kubwa zaidi, na inatosha kabisa kwa uso wa simba aliye ng'ambo ya uzio.

Ninaipenda zaidi kwa jinsi inavyoushinda waya. Ukiivuta hadi 250 na kuifungua yote, tundu lake la kupitishia mwanga lina upana wa karibu milimita 45. Waya wa uzio ni mwembamba mno kuliziba tundu hilo. Mwanga unaotoka kwa mnyama hupita pande zote za waya, na waya wenyewe hufifia hadi usiuone. Ila lazima wewe usogee karibu na uzio kadiri kizuizi kinavyoruhusu, na mnyama awe mbali nao. Chui akiwa amejibana kwenye waya, hakuna lenzi itakayokusaidia. Shusha kamera umsubiri.

Fokasi, yaani ulengaji wa ukali wa picha, nayo hupenda kushika waya badala ya mnyama. Lenzi hii ina swichi ya AF/MF (fokasi ya kamera au ya mkono) ubavuni: iweke kwenye MF, uzungushe pete kwa mkono mpaka macho ya mnyama yakae sawa.

Dukani watakuonyesha pia Canon 75-300mm III, na namba 300 itakuvutia. Iache. Haina kituliza mtikisiko, na kivulini mkono ukitetemeka kidogo tu picha imeharibika. Bajeti ikibana, afadhali 55-250 ya zamani yenye herufi IS, yaani yenye kituliza hicho.

2. Nikon na lenzi ya AF-P DX 70-300mm VR

Kwa picha, hii iko bega kwa bega na ya kwanza. Nimeiweka nyuma kwa sababu ya mitego miwili ya ununuzi. Kwanza, kuna lenzi nyingine inayofanana nayo isiyo na VR, yaani haina kituliza mtikisiko. Soma maandishi kwenye lenzi yenyewe. Pili, injini ya fokasi ya AF-P haifanyi kazi na bodi za zamani kama D90, D3100, D3200 na D5100. Nenda dukani na bodi yako, uifunge hapohapo.

3. Simu uliyo nayo tayari

Ndiyo, naiweka juu ya kamera mbili za bei kubwa. Jicho la simu ni dogo kiasi cha kutosha ndani ya tundu moja la wavu wa uzio, kwa hiyo kwa ndege na wanyama wadogo wasio na kizuizi cha pili unaweza kuliweka usawa wa tundu na waya usionekane kabisa. Vidole na simu vibaki upande wako. Nyani ana mkono mwepesi. Zile lenzi za kubana kwenye simu usizinunue, kingo za picha hutoka na ukungu.

4. Kamera ya lenzi moja isiyotoka, kama Nikon Coolpix P900

Inavuta hadi sawa na milimita 2000, jambo la ajabu kwa tai aliye juu ya mti wa mbali. Lakini sensa yake ni ndogo, eneo lake halifiki hata sehemu moja ya kumi ya sensa ya 700D, na kivulini manyoya huchanganyika yakawa kama rangi iliyopakwa. Tena ukimpiga picha simba kwa ukubwa uleule, tundu la lenzi yake ni dogo kuliko la 55-250, kwa hiyo waya hubaki kama michirizi.

5. Sigma 150-600mm Contemporary

Lenzi nzuri sana, mahali pengine. Ina uzito wa karibu kilo 2, haishiki fokasi kwa kitu kilicho karibu kuliko mita 2.8, na kwenye bodi kama 700D hata ile 150 ya mwanzo inaweza kukukatia masikio ya mnyama. Bei yake itakununulia namba moja, chenji ibaki.

Kabla hujalipa, mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Lenzi zilizokaa Mombasa na pwani yote huipata kwa urahisi kwa sababu ya unyevu. Jaribu fokasi kwenye kitu cha karibu, kisha cha mbali. Mwisho ulizia hudi (kikinga mwanga cha mbele ya lenzi) ya mpira: ukifika kwenye kizimba cha kioo, iegemeze juu yake, mwako wa dirisha utakatika.