Kuhama Juu au Kubaki: Njia Mbili za Wanyama wa Milimani

Joto linapoongezeka, mnyama wa mlimani huweza kupanda kuufuata ubaridi, au kubaki alipo na kubadili mwenendo. Katika Rwenzori, milima iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, njia ya kwanza inaonekana rahisi, kwa kuwa kilele cha Margherita kina mita 5,109, na misitu, mianzi na nyika za juu zimepangana kama ngazi. Hata hivyo, ardhi hupungua kadiri mlima unavyopanda, na barafu iliyofunika takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwaka 2003. Shorobo, ndege anayehitaji miti, hawezi kuhamia kwenye mwamba mtupu ulioachwa na barafu hiyo.

Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, hakuna hata ngazi hiyo: msitu unaishia mita 2,607, na mashamba yameuzunguka. Sokwe wa milimani, ambaye kwa kawaida hupata maji mengi kutokana na majani anayokula, siku za joto hunywa mara nyingi zaidi. Pimbi naye huota jua asubuhi, kisha mchana hujibanza katika nyufa za miamba. Kwa maoni yangu njia hii ya pili inaaminika zaidi, mradi vijito visikauke.