Kadi za bigijii au za pakiti ya chai?

Ubishi wa kadi za zamani za wanasoka wa Uingereza haujaisha: A&BC, za kampuni ya Uingereza, zilizouzwa pamoja na bigijii kuanzia 1958, au za Typhoo, chapa ya chai, za kukatwa kwenye pakiti za majani ya chai?

Kukagua, A&BC hazisumbui. Zilikatwa kiwandani, hivyo iliyopunguzwa pembeni utaijua ukiilinganisha na mwenzake. Ya Typhoo ilikatwa kwa mkasi jikoni. Ukingo uliopinda ni kawaida yake. Lakini geuza mgongo wa A&BC: baadhi ya seti zilimtaka mtoto asugue kwa sarafu ili jibu la swali lionekane. Ikiwa imesuguliwa, omba punguzo.

Bei hufuata jina na hali. George Best, nyota wa zamani wa Manchester United, ni ghali popote.

Kwenye utunzaji ndipo Ziwa Victoria linapoingilia. Nyumba ya Kirumba au Igogo, Mwanza, ina unyevu, na kadi yoyote hujikunja. Tumia pochi za plastiki, kabatini, mbali na ukuta. Kuzilaminisha, kama vyeti vya shule, ni kuziua.

Anayejaza seti kwa namba atafurahia A&BC. Asiyekerwa na kingo za mkasi, Typhoo zinamtosha.