Barua za Nkambo na diski za Baba: vifaa nilivyojaribu hapa Lubumbashi

Baba alipofariki alituachia katoni tatu chini ya kitanda, nyumbani Katuba. Mbili ni za diski: nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, LP, zile kubwa za mizunguko 33, zipo kama 30, na saba nzito za mizunguko 78. Ya tatu imejaa kasete. Rumba imo, kwaya za kanisa zimo, lakini zilizonifanya nitoe pesa ni kasete 11 zilizoandikwa kwa biki: "Mama, Kolwezi". Nkambo, yaani bibi yangu, mama wa Baba, hakujua kuandika. Miaka ya 1980 alikuwa anaketi uani na radiokasete ya betri, anasema habari zote za nyumbani, kisha anampa kasete mtu yeyote anayekuja Lubumbashi. Muziki wa rumba mtu mwingine anaweza kuwa nao. Sauti ya Nkambo haipo popote pengine duniani.

Naeleza nilichonunua na nilichojutia, kwa sababu najua nyumba nyingi za hapa zina katoni kama hizo.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Nilinunua mjini, kwa dola 55, mashine ya kupigia diski iliyo ndani ya kisanduku kama cha safari, spika ndani yake, waya wa kompyuta pembeni. Kwa macho inapendeza. Diski ya kwanza ikapiga vizuri. Ya tatu, LP iliyojikunja kidogo, sindano ikawa inaruka. Nikaanza kusoma, nikaelewa. Mashine nyingi za aina hiyo zina kichwa (kile kinachoshika sindano) cha kauri, na ili sindano isiruke mkono wake hukandamiza diski kwa uzito wa gramu 5 au zaidi. Kichwa cha sumaku cha kawaida kinahitaji gramu 2 hadi 3 na nusu. Sindano ile inapita kwenye mifereji ya plastiki laini, na kila ikipita inakula. Diski ya mwaka 1970 ikishaliwa, hakuna programu ya kuirudisha. Nilisimamisha kazi siku hiyohiyo, na mashine ile sikumpa mtu mwingine.

Platini, yaani mashine ya kupigia diski, niliyo nayo sasa ni Audio-Technica AT-LP60XUSB. Shemeji yangu aliniletea kutoka Johannesburg kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Pamoja na gharama za njiani nilimlipa dola 230. Ni pesa nyingi kwangu, niliziweka akiba miezi mitano. Lakini ina kichwa cha sumaku, sindano inabadilishwa bila kubadilisha mashine nzima, na kikuza sauti kiko ndani. Hilo la kikuza sauti lisikupite. Ishara inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, milivolti chache tu, tena diski ilichongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa. Lazima kitu kiirudishe kama ilivyokuwa. Ukiunganisha platini isiyo na kikuza sauti moja kwa moja na kompyuta, utasikia muziki mwembamba kama unatoka kwenye simu ya zamani, na utadhani diski imeharibika.

Kabla ya kurekodi nilipima mwendo wake. Unabandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani inayozunguka, unaweka 33 (kwa kweli ni 33 na theluthi), unahesabu kwa dakika tatu kamili. Inatakiwa ipite mara 100. Yangu ilipita 100, na nilifurahi sana, kwa sababu mwendo ule nilikuja kuutegemea kwa jambo ambalo sikulitarajia.

Ila mashine hii haina mizunguko 78. Wenzangu wa Katanga, hilo linatuhusu. Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, muziki ulikuwa bado unatoka kwenye diski za 78, na wazee wetu walizinunua. Unaweza kuipiga kwa 45 kisha kompyuta iongeze mwendo, nimejaribu kwa diski moja. Sauti ilitoka, ila na mchakacho mwingi, kwa kuwa mfereji wa 78 ni mpana na sindano ya LP inaburutika chini kabisa kwenye uchafu. Zinataka sindano yao, pana mara nne hivi, na platini kama AT-LP120XUSB iliyo na mwendo huo. Zangu saba nimezifunga kwa kitambaa, zinasubiri. Na tafadhali, usizisafishe kwa alkoholi: inayeyusha diski zenyewe.

Upande wa kasete nilipoteza pesa kidogo lakini muda mwingi. Nilianza na kile kichezeshi kidogo cha mfukoni chenye waya wa kompyuta, dola 25. Mota yake haishiki mwendo. Kwaya ya kanisa ilikuwa inayumba kama watu wanaimba ndani ya gari kwenye barabara mbovu. Kwa hotuba ungevumilia. Kwa muziki, hapana.

Kumbe jibu lilikuwa nyumbani. Deki ya Baba, mashine yake ya kupigia kasete, iliyokuwa imekaa juu ya kabati miaka na miaka ikiwa imekufa, niliipeleka kwa fundi mmoja mzee katika komuni ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Aliifungua mbele yangu. Mikanda ya mpira ilikuwa imeyeyuka kuwa kama lami nyeusi. "Mwanangu," akaniambia, "mashine haijafa, ina njaa ya mpira tu." Akaweka mikanda mipya, akasafisha kichwa kinachosoma utepe na kigurudumu cha mpira kwa alkoholi, jumla dola 18. Kisha akanifundisha kitu ambacho peke yake kina thamani kuliko pesa yote niliyotumia: pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo inayokilaza au kukisimamisha. Kasete iliyorekodiwa kwenye mashine ambayo kichwa chake kililala kidogo, ukiipiga kwenye yako inasikika kama mtu anasema akiwa amefunikwa blanketi. Unazungusha skrubu taratibu, robo ya robo, huku unasikiliza, na ghafla herufi S zinarudi. Mimi sasa nairekebisha kwa kila kasete ya Nkambo.

Ili deki iingie kwenye kompyuta nilinunua Behringer UCA202, kidude kidogo kuliko kiganja, kinapata umeme kwenye kompyuta yenyewe. Hakina maringo. Waya mwekundu na mweupe upande mmoja, USB upande mwingine. Programu ni Audacity, ya bure. Narekodi kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya sifuri, maana ikigonga sifuri inapasuka na haitengenezeki. Saa moja inachukua megabaiti 600 na kitu, kwa hiyo nahifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, inakuwa karibu nusu bila kupoteza chochote. MP3 ni za kupelekea familia kwa WhatsApp. Kama unasikia mvumo wa chini usioisha, chomoa chaja ya kompyuta, tumia betri yake. Kwangu mvumo ulikata mara moja. Na narekodi usiku, mafundi wa kuchomelea vyuma wakishalala, kwa sababu wakiwasha mashine zao mchana umeme wa mtaa mzima unainama.

Nikianza upya leo, ningetengeneza deki kwanza, ninunue UCA202, nimalize kasete, ndipo nifikirie platini. Diski iliyotunzwa inakaa. Kasete inachoka ikiwa imelala tu.

Sasa lile la mwendo. Kasete ya nne ya Nkambo ilitoka na sauti nyembamba, ya haraka, kama msichana. Betri zilikuwa zimechoka siku ile anarekodi: utepe ulipita polepole, kwa hiyo ukiupiga kwa mwendo sahihi unakimbia. Nipunguze kiasi gani? Sauti yake mimi siikumbuki, nilikuwa mtoto. Lakini nyuma ya maneno yake, ndani ya nyumba, baba mdogo alikuwa anapiga diski, na diski ile ninayo. Ilikuja kwenye katoni za Baba, ina jina la baba mdogo kwenye karatasi ya katikati. Nikaipiga kwenye platini. Kutoka gitaa la pili kuingia mpaka waimbaji kuitikia: kwenye diski sekunde 50, kwenye kasete 47. Basi nikapunguza mwendo asilimia 6.

Nilimwita shangazi, nikamvalisha vifaa vya masikioni bila kumwambia chochote. Akasikiliza akiwa amefumba macho. Nkambo alikuwa anauliza kama mahindi yamefika, na kama mtoto mdogo amepona kikohozi.

"Amepona, Mama," shangazi akamjibu.